LUDWIG KRAPF, MTU ALIYEPANGA MANENO SAFU SITA

 Naingia katika kazi niliyopewa na kamati ya jarida, yaani kusimulia maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Najua wengi walitarajia niandike juu ya mwanasiasa ama mchezaji kandanda. Mimi nimemchagua Johann Ludwig Krapf.

Mtasema, ah, huyo si yule wa somo la Historia, mmishonari aliyeuona Mlima Kenya? Ndiye huyo. Lakini mlima ungeonwa tu na Mzungu mwingine, na isitoshe Wakamba, Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wakiuona kila asubuhi. Mimi nataka kusimulia jambo ambalo vitabu vyetu hulitaja kwa sentensi moja halafu vikapita, nalo ni kazi yake ya maneno. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Basi na tumpe haki yake, na tukimaliza tuwape haki yao wale waliomsaidia.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa nchi ambayo leo ni Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa na miaka 11, jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akawa mgonjwa kwa muda wa miezi sita. Hapo kitandani hakuwa na la kufanya ila kusoma na kusikiliza hadithi za Biblia. Alipopona alipelekwa shule mjini Tübingen, na huko akaanza kupenda ramani. Siku moja alitazama ramani ya Afrika akaona kwamba upande wa mashariki, sehemu za Wasomali na majirani wao, palikuwa na majina machache sana. Jambo hilo lilimsumbua. Wenzangu, kumbukeni ramani hiyo. Kijana aliona karatasi tupu akadhani nchi ni tupu, kumbe nchi ilikuwa imejaa watu na majina, ila tu hakuna aliyekuwa ameyaandika pale.

Alisomea kazi ya umishonari huko Basel, Uswisi, kisha akasoma theolojia Tübingen. Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia na chama cha wamishonari cha Kiingereza kiitwacho CMS. Huko alikuta watu wenye herufi zao wenyewe, herufi za Kigeez, ambazo zimeandika lugha zaidi ya moja, kama vile Kiamhari na Kitigrinya. Alikaa Shoa tangu mwaka 1839 hadi 1842, akajifunza pia lugha ya Waoromo, ambao wakati huo waliitwa Wagalla, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Waoromo walimvutia sana. Aliposhindwa kuendelea kukaa Ethiopia, akawaza kwamba labda angeweza kuwafikia kwa kupitia upande wa pwani yetu. Hiyo ndiyo sababu ya Krapf kuja huku. Kwa hakika Kiswahili kilikuwa kwake kama daraja tu la kuvukia.

Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich katika mji wa Aleksandria. Mtoto wao wa kwanza, msichana, alizaliwa safarini jangwani, kabla ya wakati wake, akafa. Walimwita Eneba, maana yake chozi. Mwezi wa Januari 1844 walifika Unguja, ambako Sultani Seyyid Said aliwapokea vizuri na kumpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi wa Mei wakahamia Mombasa. Hawakukaa sana kabla msiba haujawapata tena. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosine alijifungua mtoto wa kike, huku yeye na mumewe wote wakiwa hoi kwa homa. Rosine alifariki tarehe 13 Julai, na mtoto naye akafuata baada ya muda mfupi tu. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mvita, upande wa Nyali, na mpaka leo kaburi liko huko. Sisi watu wa ziwani tunaijua homa ya malaria, si hadithi kwetu. Kwa hiyo niliposoma habari hizi sikuweza kumchukia mtu huyu hata pale nilipotofautiana naye.

Sasa tuje kwenye kazi. Mwezi mmoja kabla ya msiba huo, Juni 1844, Krapf alikuwa ameshaanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Je, alisaidiwa na nani? Alisaidiwa na Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Hebu fikirini jambo hilo, Kadhi Mwislamu na mmishonari Mkristo wameketi pamoja wakitafuta neno linalofaa. Sura tatu za kwanza za kazi hiyo zilipigwa chapa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki.

Hapa ndipo lilipozuka swali la herufi. Msidhani Krapf aliwakuta Waswahili hawajui kuandika! Watu wa Pate, Lamu na Mvita walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kabla babu yake Krapf hajazaliwa. Barua, hesabu na tenzi ndefu ziliandikwa hivyo. Ila herufi hizo zilikuwa na taabu zake. Kiarabu hakina sauti p wala v wala ch, basi katika maandishi ya zamani herufi moja ilibeba b na p, nyingine ikabeba f na v. Alama ya i ndiyo iliyokuwa ya e, na ya u ndiyo ya o. Kwa hiyo mtu akiandika pata na mwenzake akaandika bata, msomaji ilimbidi aangalie maneno ya jirani ndipo ajue kama anapewa kitu ama anapewa ndege wa kufuga. Wenyewe hawakupata shida kubwa kwa sababu lugha walikuwa nayo kichwani. Taabu ilikuwa kwa mgeni.

Krapf akaamua kutumia herufi za Kirumi, hizi hizi ninazoziandika sasa. Sababu moja ilikuwa hiyo ya sauti. Sababu ya pili ilikuwa ya dini, kwani hakutaka maandishi yake yawafungulie wasomaji mlango wa Uislamu. Sababu ya kwanza naielewa. Ya pili naitaja tu ili tusidanganyane kwamba herufi zilichaguliwa kwa sababu ya elimu peke yake.

Nataka tupumzike hapa kidogo twende mbali, kwa maana jambo hili la herufi ni la dunia nzima. Muhula wa pili chama chetu kilikuwa na mjadala juu ya maandishi ya mataifa mbalimbali, na katika kutafuta hoja nilikutana na alama ya Kichina ya chungu, yule mdudu mdogo mweusi. Upande wa kushoto wa alama hiyo pana alama ya mdudu. Upande wa kulia pana alama nyingine ambayo ikisimama peke yake huwa na maana ya haki au uadilifu, lakini hapo kazi yake hasa ni kuonyesha sauti. Ajabu yenyewe ni hii. Mtu wa Beijing akiiona hutamka yi. Mjapani huisoma gi, ama hutumia neno la kwao wenyewe, ari. Mkorea huisoma ui, na Wavietnam wa zamani waliisoma nghi. Lugha ya Kichina na ya Kijapani si ndugu hata kidogo, lakini chungu amebaki chungu. Alama imeshika maana, na kila mdomo umeleta sauti yake.

Sisi ni kinyume. Herufi zetu zimeshika sauti, maana tunaitafuta wenyewe. Andika chungu, na mtu hajui kama ni mdudu, ni chombo cha kupikia ama ni ladha ya mwarobaini. Mchina angehitaji alama tatu. Hata hizo herufi za Krapf zina upungufu wake pia, kwani wazee wa Mvita hutofautisha kwa pumzi kaa la moto na kaa wa baharini, na sisi tunaandika vilevile tu.

Tena kuna jambo lingine. Kwa kuwa tunaandika sauti, maneno ndugu hutupotea machoni. Hapa Mamboleo mvua ya kwanza ikinyesha na wadudu wenye mabawa wakatoka ardhini, baba yangu ambaye ni Mjaluo huwaita ng'wen. Mama yangu ni wa upande wa Kakamega, yeye huwaita tsiswa. Ukivuka mpaka Uganda, Waganda watakuambia enswa. Kiswahili sanifu huwaita kumbikumbi, lakini wadudu wa ukoo huo huo wanaokula mbao za nyumba huitwa mchwa. Tazameni vizuri: tsiswa, enswa, mchwa. Wataalamu wanatuambia ni neno moja la kale la Kibantu ambalo limepita katika midomo tofauti. Ng'wen halimo, maana Kijaluo si Kibantu. (Walimu wa Bayolojia msinikamate, najua mchwa si chungu halisi, ni jamaa wa mende. Mimi nazungumzia maneno.) Hakuna alama moja inayotuonyesha undugu huo kama ile ya Kichina. Ili uuone lazima mtu ayachukue maneno ayaweke bega kwa bega.

Na hivyo ndivyo alivyofanya Krapf! Mwaka 1850 alipiga chapa huko Tübingen vitabu viwili. Kimoja kilikuwa cha sarufi ya Kiswahili. Cha pili kilikuwa na maneno ya lugha sita, yamepangwa safu kwa safu: Kiswahili, Kinyika ambacho leo tunasema Kimijikenda, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Lugha tano kati ya hizo ni za Kibantu, na Kioromo kilisimama kando kama Kijaluo kinavyosimama kando hapa kwetu. Mtu akipitisha kidole kutoka safu hadi safu aliweza kuona kwa macho yake kwamba watu wa pwani na watu wa bara, ambao labda waliogopana, walikuwa na maneno ya mama mmoja. Mimi kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa ya Krapf, kuliko mlima.

Turudi kwenye maisha yake. Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, wakajenga kituo Rabai. Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Krapf naye alikwenda Ukambani, akapokewa na mfanyabiashara maarufu Kivoi wa Kitui, na huko tarehe 3 Desemba 1849 akauona mlima ambao Wakamba waliuita Kiinyaa. Yeye aliandika Kenia. Kwa hiyo hata jina la nchi yetu limepitia sikioni mwa mtu huyu na kutokea kwenye kalamu yake. Wataalamu kadhaa wa Ulaya walibisha, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta.

Mwaka 1851 alirudi kwa Kivoi ili wafike Mto Tana. Safari hiyo ilikuwa balaa. Walivamiwa na wanyang'anyi karibu na mto, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake msituni. Alijificha mchana na kutembea usiku. Alipofika mtoni alikunywa, kisha kwa kuwa hakuwa na chombo alitia maji ndani ya mitutu ya bunduki yake na ndani ya mfuko wa ngozi wa darubini. Maji yalipoisha na njaa ikamzidi, alikula majani na mizizi, na mwisho akala chungu. Naam, wale wadudu ambao jina lao tumelizungusha dunia nzima hapo juu. Msomi wa Tübingen, mwenye kujua lugha chungu nzima, alikuwa amepiga magoti chini akiokota wadudu ili asife. Alipofika hatimaye kwa jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo cha mzee wao, ikambidi atoroke tena usiku. Alifika Rabai akiwa amekonda.

Afya yake haikurudi kama zamani. Mwaka 1853 aliondoka pwani, na baadaye akakaa Kornthal, Ujerumani, ambako alitoa kitabu cha safari zake mwaka 1858. Hakuwahi kuliona ziwa letu. Lakini wenzake Rebmann na Erhardt, kwa kuwasikiliza watu wa misafara, walichora ramani iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Ramani ilikuwa na makosa, maana iliunganisha maziwa mbalimbali kuwa moja, ila iliwafanya Waingereza kuwatuma Burton na Speke, na Speke akaliona ziwa letu mwaka 1858. Mnaona basi, hata ramani hiyo ilitoka katika maneno ya watu weusi, wapagazi na wafanyabiashara, ambao majina yao hayamo ndani yake.

Mwaka 1862 Krapf alikuja tena kwa muda mfupi kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo Ribe. Baada ya hapo alirudi Ujerumani, na kwa miaka mingi akaendelea na kamusi yake. Rebmann alibaki Rabai mpaka akapofuka, akafariki Kornthal mwaka 1876. Krapf mwenyewe aliaga dunia tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kiingereza ilitoka London mwaka 1882, mwezi kadha baada ya kuzikwa kwake. Hakuiona ikiwa kitabu.

Je, nani alishinda na nani alishindwa? Herufi alizochagua Krapf zilishinda, kwani serikali za kikoloni zilizifuata na shule zetu zote zinazitumia. Lahaja aliyoiandika haikushinda. Yeye alijifunza Kimvita cha Mombasa, lakini Askofu Steere alikuwa ameshatoa kitabu cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na katika mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika huko huko Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Walioshindwa zaidi ni wale waliojua herufi za Kiarabu peke yake. Fikirini mzee wa Lamu mwenye kusoma tenzi ndefu bila kusita, mara moja anahesabiwa kuwa hajui kusoma kwa sababu karatasi za ofisini zina herufi ngeni. Hasara hiyo haimo katika vitabu vyetu vya kiada. Na jambo la kushangaza ni kwamba Krapf mwenyewe alijua thamani ya maandishi hayo, kwani mwaka 1854 miswada ya tenzi za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu aliyoikusanya ilipelekwa Ujerumani ikahifadhiwa, na wasomi wakaisoma baadaye.

Si sisi peke yetu yaliyotufika haya. Wavietnam nao waliziacha zile alama za Kichina wakachukua herufi za Kirumi, na kamusi ya kwanza kubwa ya lugha yao kwa herufi hizo ilitolewa na kasisi mgeni, Alexandre de Rhodes, mwaka 1651. Leo Mvietnam wa kawaida hawezi kusoma maandishi ya babu za babu zake. Wakorea walifanya njia nyingine, mfalme wao Sejong aliwatangazia herufi za kwao wenyewe mwaka 1446. Kila njia ina faida na gharama yake.

Kwa hiyo mimi simsifu Krapf kama malaika wala simtukani kama mwizi. Alikuja kuhubiri, akazika mke na watoto, akaona njaa mpaka akala chungu, na hata hivyo daftari la maneno hakuliacha. Lakini kwenye jalada la kamusi kuna jina lake tu. Kadhi Ali bin Muhyiddin hayumo, wala wale wazee wa Rabai na Ukambani waliokaa naye wakimjibu hiki mnaitaje na kile mnaitaje. Bila wao angekuwa na karatasi tupu kama ile ramani ya utotoni.

Wenzangu wa Mamboleo, tumezoea kuambiwa ati Kiswahili ni cha watu wa pwani na sisi wa ziwani tunakikopa tu kwa ajili ya mtihani. Mimi sikubali. Nusu ya maneno hayo yana ndugu zao jikoni kwa mama yangu, na yale ya baba yanastahili safu yao pembeni. Napendekeza kwamba mwaka ujao chama chetu kianzishe daftari moja kubwa la safu nne: Kiswahili, Kijaluo, Kiluhya na Kikisii, kila mwanachama alete maneno 20 kutoka nyumbani. Tuanze na wadudu, maana kumbikumbi hawana mtu asiyewajua. Na tofauti na Krapf, kando ya kila neno tuandike jina la aliyetupa, awe ni nyanya, ni mama wa sokoni Kibuye ama ni kondakta wa matatu. Haba na haba hujaza kibaba.